Ijumaa Isiyo na Kahawa

Uongo wangu wa kwanza ulikuwa wa achari, na sijui shetani gani alinituma nichague uongo wa chakula, maana uongo wa chakula watu huomba kuuonja.

Ilikuwa Jumatatu. Mimi na binti yangu Rudaina tulikuwa tunashuka ngazi, na Mama Qutaiba wa ghorofa ya pili alikuwa amesimama mlangoni kwake na ufagio, hafagii kitu. Mwanamke huyu anazimiliki ngazi zetu kuliko aliyejenga jengo. Akauliza tunakwenda wapi, mara ya tatu hii, tumevaa vizuri hivyo. Rudaina akafungua mdomo, mimi nikamwahi. Nikasema tunakwenda kwenye chama cha akina mama, kuna masomo ya kutengeneza achari.

"Achari," akasema Mama Qutaiba.

"Za kila namna. Biringanya, figili, ndimu. Siku hizi, shoga, hata achari inasomewa."

Akautazama mkono wa Rudaina uliofungwa plasta ngumu toka kiganjani mpaka kiwikoni, akanitazama mimi usoni, akasema basi tumletee aonje. Na ndivyo mimi, Mama Rudaina, mjane wa miaka hamsini na tisa mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, nilivyojikuta sokoni, hapa mjini kwetu Zarqa, nanunua achari za kiwanda. Nikifika nyumbani naziloweka chupa kwenye beseni, nakwangua lebo kwa kisu, kisha nagawia jengo zima nikiapa ni kazi ya mkono wangu. Walikuwa wanasifu. Nami nilikuwa napokea sifa bila haya, natoa na mawaidha kidogo juu ya kipimo cha chumvi.

Tulikokuwa tukienda ni kituo cha akina mama wanaopigwa na waume zao. Leo nalisema bila kutafuna. Wakati ule ningekufa nalo. Rudaina alikuwa amerudi kwangu na binti zake wawili, Mayar wa miaka tisa na Lujain wa miaka mitano, na mfuko mmoja wa plastiki wenye nguo, na ilikuwa mara ya tatu. Muuguzi aliyemfunga mkono ndiye aliyempa kijikaratasi chenye anwani ya kituo. Nikakiona, nikasema haendi. Akasema anakwenda. Nikasema basi hatakwenda peke yake. Nilikwenda kama mlinzi, nihakikishe hawamfundishi talaka. Nikakuta wana biskuti nzuri, nikaendelea kulinda.

Kwetu mke akikimbilia kwao, mume hutuma jaha. Wanaume wanakuja wakiongozwa na mtu mwenye jina, wanakaa, wanamiminiwa kahawa chungu, na yule mkubwa wao anaiweka finjani yake mezani bila kuigusa mdomoni. Anasema sinywi mpaka mnikubalie ombi langu. Mkubwa wa nyumba anajibu, kunywa kahawa yako, ombi lako limekubaliwa. Hapo wote wanakunywa, na mke anafunga mfuko wake. Kumwacha mgeni na finjani isiyonywewa ni aibu ya kuhama mji.

Jaha ya kwanza ya Rudaina ilikuwa na wanaume arobaini. Magari yaliziba barabara mpaka gari la gesi likashindwa kupita, na mimi, badala ya kuhesabu michubuko ya mwanangu, nilisimama dirishani nikihesabu magari. Nilitamba nayo mwaka mzima: mtoto wa fulani alijiwa na watu kumi, wangu arobaini. Jaha ya pili walikuja kumi na wawili. Wanaume walikuwa wanapungua na vipigo vinaongezeka, lakini hesabu hiyo sikuipiga. Kazi yangu mimi ilikuwa kahawa. Nilikuwa na sifa ya kahawa.

Pale kituoni mshauri wetu aliitwa Arij, msichana mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, anayekuuliza jambo kisha anakaa kimya mpaka ulijibu. Siku ya kwanza alituuliza, mume akianza kupiga kelele, hofu huwa tunaisikia sehemu gani ya mwili. Wengine wakasema tumboni, wengine kooni. Zamu yangu ilipofika nikasema mimi mume wangu ameshakufa, Mungu amrehemu, na kinachoniuma ni magoti, na hayo ni ya ngazi. Watu wakacheka. Nikajiona mchekeshaji. Arij naye akacheka, akasema karibu hajja, akaandika kitu kwenye daftari lake. Mpaka leo natamani kujua aliandika nini.

Wiki ya pili alitugawia vikaratasi. Kila mmoja aandike maneno aliyoambiwa siku alipokimbilia kwao. Si maneno ya mume, alisema, hayo tunayajua. Maneno ya kwenu. Kisha kila mtu asome chake. Mmoja akasoma: vumilia, ni baba wa watoto wako. Mwingine: umemfanya nini mpaka akakasirika. Mwingine aliandikiwa na jirani yake kwa kuwa hajui kuandika, akatusomea kwa kukariri: usilie, kaka zako watakusikia. Mimi nilikuwa natafuna biskuti na kutikisa kichwa, nikiwasikitikia wanawake hawa kwa kuzaliwa na akina mama wa namna hiyo.

Ikafika kwa Rudaina. Alisoma polepole, karatasi ikiwa juu ya plasta yake.

"Rudi nyumbani kwako, kahawa imeshanywewa."

Hakunitazama. Hakuna aliyenitazama, maana pale hawakujua ni nani aliyesema. Nilijua mimi. Nilikuwa nimeyasema mara mbili, mara zote nikiwa nimeshika dele la kahawa mkononi, na mara ya pili nilimshikia mlango. Biskuti ilinikwama. Arij akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia chai yao ina majani mengi. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokupandisha joto masikioni, na sikuwa na mahali pa kuiweka.

Njiani kurudi nilitembea nyuma yake. Rudaina akaniuliza kama magoti yananiuma. Nikasema ndiyo.

Siku za Jumatano alikuwa anakuja wakili, Ustadha Lubna. Huyu hakubembeleza mtu. Alikuwa na begi zito na kiatu cha chini, anaandika ubaoni kwa haraka kama anayekimbia mvua. Siku hiyo alianza na neno moja, nashiza, yaani mke aliyemwasi mume kwa kutoka nyumbani bila haki, akapoteza matunzo. Akauliza nani hapa ameambiwa yeye ni nashiza. Mikono yote ikapanda, na wa Rudaina wa plasta ukapanda pia.

Akasema anayetoka kwa sababu amepigwa hayumo humo. Amechukua haki yake tu. Akasema weka ripoti ya daktari, weka tarehe, usitupe karatasi hata moja. Akasema matunzo ya watoto ni ya baba yao, popote walipolala.

Mimi nikanyoosha mkono. Nilitaka kumshika pabaya.

"Ustadha, hiyo sheria yako ni nzuri. Sasa kahawa ya jaha iko ukurasa wa ngapi?"

"Haimo, hajja."

"Haimo kabisa?"

"Kabisa. Jaji hana habari nani kanywa na nani hakunywa. Kahawa ni yenu wenyewe."

Rudaina ndipo akauliza swali lake. Akauliza akikataa kurudi, watoto wake watachukuliwa lini. Lubna akamuuliza ni wa miaka mingapi. Tisa na mitano. Akasema mpaka watimize kumi na mitano malezi ni ya mama, asipokuwa na kasoro ya kumwondoa, na kuvunjwa mkono si kasoro yake.

Rudaina aliinamisha kichwa mezani akalia. Alilia kwa sababu miaka sita alikuwa ameambiwa akiondoka tu watoto wanachukuliwa, na aliyemwambia ni mimi. Mimi niliambiwa na kaka yangu Shukri. Shukri, nilipokuja kumuuliza baadaye aliisoma wapi, alisema aliisikia kwa kinyozi. Mifupa miwili ya mwanangu ilivunjika kwa sheria ya kinyozi.

Shukri alikuja Jumatano iliyofuata jioni, mwenye furaha. Ni kaka yangu mkubwa, mtu wa kupenda mikutano, na joho lake jeusi lenye ukingo wa dhahabu huwa analipeleka kwa dobi hata kabla ya kualikwa. Hii nyumba ninayokaa iko kwa jina lake, kwa urithi wa baba yetu, na umeme analipa yeye. Hajawahi kunitaka nimlipe. Hutaka tu nikumbuke, na husaidia kukumbusha.

Akasema jaha inakuja Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Wanaume watano. Akaona uso wangu, akaharakisha kusema kwamba watano hao ni wazito, wanaongozwa na Hajj Dhiyab mwenyewe, yule aliyeongoza ile ya arobaini. Akaniambia niandae kahawa, hiliki iwe ya kutosha, na kunafa, ile tamutamu ya jibini na shira, ataleta yeye.

Rudaina alitoka jikoni, akasimama mlangoni.

"Mjomba, mimi sirudi."

Shukri akacheka, wala si kwa ubaya. "Nani amekuuliza, mwanangu?"

"Ndiyo maana nakwambia kabla hamjaulizwa."

Basi akamkalisha chini akamweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini dawa ni chungu. Kwamba yeye ndiye mkubwa wa nyumba, akisema kunywa, neno limetoka. Na baada ya neno lake kutoka, mwanamke atakayelirudisha nyuma hawezi kulala chini ya paa lake. Yeye, wala watoto, wala, alisema akinitazama, yeyote anayemtia jeuri. Kisha akaomba chai. Nikampa. Nilimtilia na sukari.

Alipoondoka, Rudaina aliniambia kwamba jana yake alikwenda na Lubna mahakamani. Amefungua kesi ya matunzo, ameomba na amri ya kumlinda, ripoti ya daktari imo ndani ya faili, na Nayif mumewe ataitwa mbele ya jaji mwezi ujao. Aliniambia akiwa anamsuka Lujain, kwa vidole vya mkono mmoja, Mayar akimshikia ncha za nywele.

"Na wewe, mama? Wakikuuliza Ijumaa utasema nini?"

"Mimi nani aniulize," nikasema. "Kazi yangu ni kahawa."

Nilisema hivyo kwa mazoea, kama mtu anavyosema alhamdulillahi. Halafu nikajisikia nilichokisema. Nikarudi jikoni, nikakaa mbele ya dele langu, nikalitazama mpaka Lujain akaja kuuliza kama limeharibika.

Ijumaa walifika saa kumi na nusu, jua bado kali, na ngazi zetu hazina huruma kwa mwenye jina wala asiye na jina. Hajj Dhiyab alifika juu akipumua kama treni. Ni mzee mnene, mweupe wa masharubu, na jasho lilikuwa linamchuruzika toka chini ya kilemba. Nayif hakupanda. Kwa adabu, mume hubaki chini, na alikuwa ndani ya gari lake mbele ya duka la chini ya jengo, kioo kimefunguliwa, mkono nje.

Shukri aliwakaribisha sebuleni kwa maneno ya mistari mirefu. Mimi nikaingiza sinia kabla hajamaliza. Glasi sita za chai ya maramia, majani yale ya kunukia, yenye sukari nyingi, na bilauri za maji baridi. Hajj Dhiyab alikunywa maji yote, akaishika chai, akainywa kwa mafunda matatu, akavuta pumzi, akaomba nyingine. Wenzake nao wakanywa. Shukri alinitupia jicho la kuuliza kulikoni chai imetangulia, nikajibu kwa jicho la mwanamke mzee asiyeelewa kitu. Hilo ninalo tangu ujana.

Wakakaa. Wakazungumza bei ya kondoo. Wakazungumza joto. Hajj akakohoa kuashiria yuko tayari, na macho yote yakageukia mlango wa jikoni, kuisubiri kahawa.

Kahawa haikuja.

Shukri alinifuata jikoni, joho linaburuzika. Nikamwambia imekwisha.

"Imekwisha vipi? Leo?"

"Imekwisha, kaka. Nilitazama kopo asubuhi nikadhani ipo, kumbe ni hiliki."

Kahawa ilikuwepo, kilo nzima, ya kusagwa juzi. Sikuweza kuimwaga, mimi ni bahili, nilikuwa nimeitia ndani ya chupa za achari na kuzipanga chini ya sinki, nyuma ya sabuni. Shukri akafungua kabati moja moja. Alizitazama zile chupa, lakini mwanamume yule hajawahi kujua kitu chochote kinakaa wapi jikoni. Akanong'ona kwamba bila finjani Hajj hana cha kuweka mezani, na kwamba nimemuua. Halafu akamtuma Mayar mbio kwa Mama Qutaiba akaazime.

Hapo ndipo nilipoishiwa. Mpango wangu ulikuwa umefika hapo tu. Sikuwa nimewaza majirani. Mtu mwenye akili angewaza majirani kwanza. Nilisimama nikamsikiliza mtoto anavyoshuka na viatu vyake, na nikajua baada ya dakika mbili atarudi na kahawa, nitaipika mimi mwenyewe, itanukia vizuri, na Rudaina atafunga mfuko. Alikuwa amekaa chumbani na Lujain mapajani, mlango wazi kidogo, nikamwona anavyonitazama.

Mayar akarudi mikono mitupu.

"Mama Qutaiba anasema hana."

Shukri akamtuma juu, kwa Mama Inshirah. Akarudi.

"Anasema hana. Lakini babu, alikuwa anakunywa."

"Anakunywa nini?"

"Kahawa. Ameshika kikombe. Akasema hana."

Shukri akamtuma chini kabisa, kwa wale maharusi wapya. Bibi harusi naye hana. Na wakati huo ngazi nzima ilikuwa inanukia kahawa, toka juu mpaka chini, harufu inaingia mpaka sebuleni kwa wageni, na hakuna nyumba yenye kahawa. Likabaki duka la mume wa Mama Qutaiba, mlangoni mwa jengo. Shukri akachungulia dirishani ampigie kelele amrushie pakiti. Nami nikachungulia. Tukamwona Mama Qutaiba mwenyewe, na viatu vya ndani, anauvuta mlango wa chuma wa duka kwa mikono miwili. Ulishuka kwa kishindo mpaka chini. Akafunga kufuli, akakaa juu ya kreti ya soda mbele ya gari la Nayif, akawa anajipepea na kipande cha boksi.

Nikaelewa. Hakuna aliyeambiwa, na wote walikuwa wanajua.

Shukri alirudi sebuleni amenywea. Akaanza kuomba radhi, Hajj akasema hapana taabu, ombi ni ombi, akajaribu kulianza vile vile. Alinyoosha mkono mezani kwa mazoea kuisogeza finjani isiyokuwepo, akakuta glasi ya chai, tena tupu, ya pili. Akabaki ameishika. Mwenzake mmoja akamnong'oneza kwamba wameshakunywa. Mwingine akasema chai haihesabiki. Wa tatu akasema kunywa ni kunywa. Watu wazima watano walianza kubishana juu ya glasi.

Ndipo nilipoingia, na Rudaina nyuma yangu. Wanawake hawaingii kwenye jaha. Magoti yalikuwa yananigongana, na hayakuwa ya ngazi. Ningekuwa na Arij pale ningemjibu vizuri swali lake la siku ya kwanza.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Sikukumbuka hata neno. Nilichosema ni kwamba kunafa iko tayari.

Rudaina akapita mbele yangu, akaweka karatasi mezani, pale pale finjani inapowekwa.

"Hajj, hii ndiyo iliyopo leo."

Hajj Dhiyab akapapasa miwani, hakuwa nayo, akampa kijana aliyekaa kando yake asome. Kijana alianza kwa sauti ya kusoma tangazo, akaishia kwa sauti ya chini. Mvunjiko wa mifupa miwili ya mkono wa kulia. Mbavu, mvunjiko wa zamani uliounga vibaya. Alama za kuungua begani, za zamani. Tarehe. Muhuri. Na chini yake, namba ya kesi.

Ile ya mbavu sikuijua. Nilikaa kwenye kiti cha karibu bila kukaribishwa.

"Mbavu za lini?" Hajj akauliza.

"Baada ya jaha ya arobaini," Rudaina akasema. "Wiki mbili baadaye."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Hamkuniuliza."

Hajj akaitazama karatasi mikononi mwa kijana, akauliza kama majina ya waliopatanisha yanaandikwa kwenye faili la kesi. Rudaina akasema wakili ameshauliza majina hayo, ya jaha zote mbili. Nisiseme mzee alitubu, sijui ya moyoni mwake. Ninachojua ni kwamba alipauka, na aliinuka kwa wepesi kuliko alivyopanda.

"Shukri," akasema, "sisi leo tulipita tu kunywa chai. Chai nzuri. Mungu azidishe." Na wenzake wote wakasema Mungu azidishe, wakagombea viatu mlangoni. Kunafa hawakuigusa. Tukawasikia wanavyoshuka, kisha mlango wa gari, kisha sauti ya Nayif anauliza wamekunywa au hawakunywa, na injini zikawaka.

Shukri alivua joho akalikunja vizuri, alama ya hasira kubwa. Hakuweza kumfukuza mtu, maana neno halikutoka kwake, hakuna aliyelivunja. Kwa desturi hakuna kilichotokea. Alisimama akalitafuta kosa, hakuliona, akasema umeme kuanzia mwezi huu nilipe mwenyewe. Nikasema sawa kaka. Akaondoka na kunafa yake.

Wageni hawajafika mbali, majirani wakaanza kuingia. Mama Inshirah na dele lake, bibi harusi na dele lake, wa ghorofa ya kwanza na birika kwa kuwa dele hana. Kahawa ikawa nyingi kuliko vikombe. Mama Qutaiba alikuja mwisho, akakaa, akaniuliza kama yale masomo ya achari yanaendelea. Nikaanza kusema ndiyo, wiki hii ni karoti.

"Mama Rudaina," akasema, "lebo ulikuwa unakwangua ya ubavuni. Ya chini ya chupa ulikuwa unaiacha."

"Tangu lini umeiona?"

"Chupa ya kwanza."

"Na ukala?"

"Tumekula wote. Tulikuwa tunakungoja useme."

Wakanicheka mpaka machozi, na mimi nikacheka kwa kuwa sikuwa na pa kujificha. Walipoanza kutoka, Mama Qutaiba alichelewa mlangoni. Akasema kwa sauti ndogo, akiutazama mkono wake mwenyewe, kwamba ana dada yake, hana raha kwa mumewe, je, Jumatatu kuna nafasi. Nikasema ipo. Sikumwambia kwamba pale kituoni kila mtu siku ya kwanza alikuja kwa ajili ya dada yake.

Tulipobaki wenyewe, Rudaina alinimiminia finjani kwa mkono wake mzima. Nikaipokea. Nikaiweka mezani.

"Nina ombi," nikasema.

Akaliweka dele chini. Alijua naomba msamaha wa ule mlango niliomshikia.

"Itapoa, mama."

"Ipoe."

Ikapoa. Hakusema kunywa. Aliosha vyombo vyote akaiacha ile peke yake mezani, nami nikaenda kulala nikiwa sijaonja. Jumamosi sikunywa. Jumapili sikunywa. Mimi ambaye nusu saa baada ya alfajiri bila kahawa huwa siwezi kujibu salamu, nilizunguka nyumba na kitambaa kimefungwa kichwani kwa maumivu, Lujain ananiuliza kama nitakufa.

Jumatatu tulishuka ngazi watatu. Mama Qutaiba alikuwa amevaa koti lake la sikukuu, ufagio ameuacha. Kituoni tulikuwa wa kwanza kufika. Rudaina akatoa chupa ya chai kwenye mkoba, na hapo ndipo nilipojua kwamba alipika asubuhi, maana ilinukia kahawa. Akamimina kwenye kifuniko, akakisukuma mbele yangu.

"Kunywa, mama. Jibu la ombi lako bado nalifikiria."

Kwa desturi yetu hilo haliwezekani. Ukinywa, limekwisha, limekubaliwa. Lakini desturi niliifungia mwenyewe ndani ya chupa za achari siku ya Ijumaa, sasa nimdai nani. Nikanywa. Hiliki ilikuwa imezidi, nami nikaimaliza yote.